Kusoma uzamivu ukiwa Busi: nani atakayekushika mkono?

Lugha ya Kirangi, ambayo mtoto wa Busi huisema kabla hajajua alifu wala bee, imekwisha kuandikiwa tasnifu za uzamivu zisizopungua tatu. Moja aliikamilisha Margaret Dunham mjini Paris mwaka 2001. Nyingine ni ya Oliver Stegen, aliyechunguza mtindo ambao Warangi wangeweza kuutumia kuandika lugha yao wenyewe, na shahada yake akaipata Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 2011. Mwaka mmoja baadaye, 2012, Hannah Gibson alimaliza London, katika chuo cha SOAS, tasnifu inayoeleza jambo ambalo Mrangi hulifanya kila siku bila kujua kuwa ni la ajabu: katika njeo fulani za wakati ujao, kitenzi kikuu hutangulia na kitenzi kisaidizi hufuata nyuma, kinyume na ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu.

Ardhi nayo ina wasomi wake. Mmomonyoko wa Kondoa umezungumzwa katika vyuo vya mbali tangu ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, mwaka 1973, na zaidi baada ya mifugo kuondolewa katika eneo lililoharibika mwaka 1979. Carl Christiansson aliandika Stockholm, mwaka 1981, juu ya udongo unaochukuliwa na maji katika nyanda kame za Tanzania. Mtanzania Claude Mung'ong'o aliandika juu ya maisha ya watu na mazingira katika vilima vya Irangi, na shahada yake, ya mwaka 1995, ni ya Stockholm vilevile.

Ndugu msomaji, hatuyasemi haya kwa kulalamika. Waliofunga safari kutoka Ulaya kuja kujifunza lugha ya watu wasiowajua, wakala ugali wao na kuandika kwa uadilifu, wanastahiki shukurani. Tunauliza swali jingine kabisa. Je, yule mwalimu wa sekondari aliyezaliwa Busi, ambaye hahitaji mkalimani wala ramani, anaweza kuandika tasnifu ya namna hiyo hali anaishi Busi, ana darasa la kufundisha asubuhi, shamba la alizeti msimu wa mvua, na watoto wanaosubiri kusomeshewa jioni?

Miaka 30 iliyopita jibu lilikuwa hapana, na hakukuwa na haja ya kulifikiria mara mbili. Leo jibu ni kwamba inawezekana, lakini kwa sharti ambalo familia nyingi hazilijui. Makala haya yanahusu sharti hilo.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Wazazi wengi hudhani kuwa shahada ya uzamivu ni darasa la juu zaidi ya madarasa mengine, kama la saba linavyofuatwa na kidato cha kwanza. Sivyo. Katika shahada ya kwanza na ile ya uzamili mwanafunzi huingia darasani, hupewa vitabu, hufanya mtihani na wenzake mia, na akifeli hujua amefeli. Katika uzamivu wa tasnifu, ambao ndio ulioenea kwetu, hakuna kengele. Mwanafunzi hupewa msimamizi mmoja au wawili, huandika pendekezo la utafiti, hulitetea, kisha hutumwa ulimwenguni kutafuta jambo ambalo hakuna aliyelijua kabla yake. Anaweza kukaa miezi minne bila mtu kumuuliza amefika wapi. Neno lenyewe tumelichukua kwa mzamivu, yule anayezamia baharini. Na wazamia lulu wa Ghuba, kama wanavyosimulia wazee waliofika huko, hawakuwa wakishuka peke yao: juu ya jahazi alikuwapo mtu wa pili aliyeishika kamba, kazi yake ikiwa ni kuhisi mtikiso tu na kuvuta.

Tatizo la wazamivu wa vitabu ni kwamba wengi wao hawana wa kuishika kamba. Hata Marekani, penye fedha na maktaba zisizo na mfano, uchunguzi mkubwa wa baraza la vyuo vya shahada za juu nchini humo uliotolewa mwaka 2008 ulionesha kuwa ni asilimia 57 tu ya walioanza uzamivu ndio waliokuwa wamemaliza baada ya miaka 10. Mtu angedhani wanaoacha ni wale wenye akili nzito. Barbara Lovitts, mtafiti aliyeandika kitabu juu ya walioacha, kilichochapishwa mwaka 2001, alikuta kwamba waliobaki na walioondoka hawakuachana kwa uwezo. Waliachana kwa namna walivyounganishwa, au hawakuunganishwa, na watu wa fani yao. Na la kusikitisha zaidi, walioondoka walijilaumu nafsi zao. Kila mmoja alidhani ni yeye pekee aliyeshindwa, kwa sababu hakuwapo mwenzake karibu wa kumwambia, "Hata mimi sura ya pili imenikwamia mwaka mzima."

Sasa mchukue mtu huyo umtoe katika chuo chenye maktaba, umweke Busi. Dodoma ni mwendo wa saa kadhaa. Ni kweli kwamba barabara ya lami kutoka Dodoma kupitia Kondoa hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, imeifanya safari kuwa jambo la siku moja, lakini nauli ni nauli na siku ya kazi iliyopotea hairudi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992, ndicho kilichofungua mlango wa kusoma shahada bila kuhama nyumbani, nacho kina vituo mikoani. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, na makamu mkuu wake wa kwanza, Profesa Idris Kikula, ni miongoni mwa waliotafiti na kuandika juu ya ardhi hiyohiyo ya Kondoa. Milango, kwa hiyo, ipo. Kupita mlangoni na kufika chumba cha ndani ni mambo mawili.

Hapa ndipo inapoingia habari ya jumuiya za kujifunza kwa mtandao. Msomaji asiwaze mambo makubwa. Jumuiya ya namna hiyo ni watu wanane, kumi au kumi na wawili, wote wakiwa katika safari ya uzamivu au wametoka kuimaliza, wanaokutana kwa simu au kompyuta kwa siku na saa zinazojulikana, wakisomeana maandishi, wakisahihishana na kuulizana hali. Mmoja yuko Busi, mwingine Mtwara, mwingine Pemba, mwingine anauza dawa mchana kule Muscat na kuandika usiku. Huenda wasionane ana kwa ana hata siku moja mpaka wote wavae majoho.

Wapo watakaosema kuwa huu ni uzungu mpya. Ukweli ni kwamba wataalamu wa elimu wenyewe walijifunza jambo hili kwa mafundi cherehani wa Kiafrika. Jean Lave na Etienne Wenger walipochapisha mwaka 1991 kitabu chao juu ya jinsi watu wanavyojifunza wakiwa ndani ya kundi la watendaji, mmoja wa mifano yao mikuu ilikuwa ni mafundi wa makabila ya Vai na Gola wa Liberia, na Wavai kwa sehemu kubwa ni Waislamu. Lave alikaa nao akaona kwamba mwanagenzi haanzi kwa kukata kitambaa. Huanza na kumalizia: kushona vifungo, kukunja pindo, kupiga pasi. Kisha hufundishwa kuunganisha vipande. Kukata huja mwisho, kwa kuwa kosa la kifungo hurekebishika na kosa la mkasi humtia fundi hasara. Lakini tangu siku ya kwanza, akiwa pale pembeni, huona nguo nzima inavyozaliwa, huwasikia wakubwa wakibishana na wateja, na bila kuhubiriwa huijua kazi.

Aliyepita katika chuo cha Qur'ani anaufahamu mpango huo. Mtoto mdogo huketi ukingoni mwa mkeka, hajapewa hata juzuu, naye tayari anamsikia mkubwa wake akisahihishwa makhraji. Darsa la watu wazima msikitini halitofautiani: mwenye kitabu husoma, sheikh hufafanua, na aliye nyuma kabisa, ambaye hatathubutu kuuliza mpaka mwaka ujao, amekwisha kuonja adabu ya kuuliza. Wala umbali haukuwa kizuizi kwa wanavyuoni wetu wa pwani. Sheikh Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Unguja mwaka 1925, alikuwa na walimu na wenzake Hadhramaut, Istanbul, Misri na Makka, na elimu ilisafiri baina yao kwa jahazi, kwa meli na kwa barua. Mwanahistoria Anne Bang alipoandika kitabu chake cha mwaka 2003 juu ya wanavyuoni hao, alichokichora hasa ni mtandao: nani alisoma kwa nani, nani alimpa nani ijaza. Tofauti ya leo ni kwamba barua iliyosubiri pepo za kaskazi sasa hufika kabla kahawa haijapoa.

Basi jumuiya njema hufanya nini hasa? Nitaeleza kwa kirefu, maana hapa ndipo familia inapopaswa kujua mtu wao anafanya nini akiwa ameinamia simu.

Jambo la kwanza, na pengine lililo duni kuliko yote kwa kulitazama, ni kuandika pamoja kwa kimya. Saa tatu usiku, watoto wamelala, watu watano hufungua mkutano wa simu. Kila mmoja husema kwa sentensi moja atakachoandika: "Naandika aya mbili juu ya njia za kukusanya data." Sauti huzimwa. Kwa dakika 45 hakuna anayezungumza. Kisha sauti hufunguliwa, kila mtu husema alichokipata, na mkutano huvunjwa. Asiyewahi kuandika kitu kirefu atacheka na kuuliza: kwa nini mtu mzima ahitaji shahidi wa kumtazama akiandika? Lakini hata anayekusudia kuamka usiku kuswali hujua kuwa ni rahisi zaidi akiwapo mwenzake wa kumgongea mlango. Waandishi wa nchi nyingine wana mikutano kama hii pia, wakikutana katika migahawa kuandika bila kuzungumza. Aliye Busi hahitaji mgahawa. Anahitaji simu, taa, na mlango wa kufunga.

La pili ni kusomeana rasimu. Kila baada ya wiki mbili mmoja hutuma kurasa kumi, wengine husoma na kuja na maswali. Si sifa, maswali. Umesema wakulima wameacha mtama, umejuaje? Umehoji wanaume 30 na wanawake wanne, kwa nini? Hili neno umelitumia kwa maana moja ukurasa wa pili na kwa maana nyingine ukurasa wa saba. Msimamizi angeyaona hayo, naam, lakini msimamizi ana wanafunzi wengi na vipindi vingi, na huenda rasimu ikakaa kwake miezi miwili. Ikifika kwake imekwisha kuchujwa na macho manane, yeye hutumia muda wake kwa lile ambalo yeye peke yake analiweza. Naongeza kwamba wasimamizi wengine huiogopa jumuiya ya namna hii wakidhani inawanyang'anya mwanafunzi. Hofu hiyo haina msingi pale kundi linapojua mpaka wake: kundi huuliza, msimamizi huamua.

La tatu ni maarifa yasiyoandikwa popote. Fomu ya maadili ya utafiti hujazwaje? Kibali cha kufanya utafiti wilayani huombwa kwa nani, na barua ipitie wapi? Ukikataliwa na jarida, unajibu au unanyamaza? Haya hayamo katika kitabu chochote, naye aliyeyapitia mwezi uliopita ni bora kuliko profesa aliyeyapitia miaka 25 nyuma. Humohumo hujulikana kuwa shirika la afya duniani na wenzake, tangu mwaka 2002, wameweka mpango uitwao Hinari, ambao leo ni sehemu ya Research4Life, unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya kitaalamu bure au kwa bei ndogo. Wapo wanafunzi waliolipa fedha zao kununua makala ambayo chuo chao kilikuwa na haki ya kuyapata bila senti, kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Msomaji akitaka mifano iliyosimama, iko Afrika Mashariki. Mjini Nairobi, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya kiitwacho APHRC, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, kiliunda mwaka 2008 muungano wa CARTA, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa wanachama wake. Humo walimu wa vyuo waliosoma uzamivu wa afya ya jamii walichukuliwa kwa makundi. Walibaki vyuoni mwao, wakakutana katika semina nne zilizopangwa kufuata hatua za tasnifu, na kundi lililoanza pamoja lilitembea pamoja. Kwa upande wa uandishi, shirika la INASP la Uingereza lilianzisha mwaka 2007 mpango wa AuthorAID unaomuunganisha mtafiti wa nchi zinazoendelea na mshauri aliye mbali, na baadaye likaongeza masomo ya bure ya mtandaoni juu ya kuandika makala ya kitaalamu. Haya ni mashirika yenye wafadhili. Kundi la watu wanane lisilo na mfadhili haliwezi kuyaiga yote, ila linaweza kuiga lile lililo kiini, nalo ni ratiba na watu wasiobadilika.

Tuje kwenye mtandao wenyewe. Hadi mwaka 2009 nchi yetu ilitegemea satelaiti kwa intaneti. Julai ya mwaka huo mkonga wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mambo yakabadilika polepole kuelekea bara. Vijijini hata leo mtandao ni wa simu, nao hutegemea mnara, umeme na bando. Jumuiya inayomjali mtu wa Busi haimlazimishi kukaa katika mkutano wa picha kwa saa mbili. Hutumia ujumbe wa sauti, ambao huweza kupakuliwa usiku wa manane bei ya kifurushi inapokuwa nafuu. Hutuma rasimu kama maandishi matupu, bila picha. Na mikutano ya sauti huandikiwa muhtasari ili aliyekatikiwa na mtandao asibaki nje. Vyuo vyetu vilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona mpaka vilipofunguliwa tarehe 1 Juni, wengi waligundua kwa mara ya kwanza kwamba usimamizi wa tasnifu unaweza kwenda kwa simu. Inasikitisha kwamba baadhi waliusahau ugunduzi huo milango ilipofunguliwa, wakarudi kumwita mwanafunzi kutoka Kondoa kwa ajili ya maelekezo ya robo saa.

Nimeahidi kuzungumza na familia. Mama mkwe akimwona mkwewe ameketi na simu usiku, na vyombo havijaoshwa, atasema nini? Atasema anachezea simu. Hana kosa, kwa kuwa simu hiyohiyo ndiyo inayoleta vichekesho na umbea. Mwenye kusoma ndiye anayepaswa kueleza, tena mapema: kwamba Jumatatu na Alhamisi kuanzia saa tatu hadi saa nne usiku ni saa za kazi, na kwamba kazi hiyo ina mwisho. Saa mbili kwa wiki zinazojulikana na kuheshimiwa na nyumba nzima zina thamani kuliko saa kumi za kuibia. Mume aliyekubali mkewe asome, kisha kila saa ya mkutano inapofika akakumbuka kuwa shati lake halijapigwa pasi, hajakubali. Na mke ambaye mumewe anasoma ana haki ya kujua fedha ngapi zinakwenda kwenye ada na bando kwa miaka ipi, badala ya kuletewa habari za deni baadaye.

Kwa mwanamke jambo hili ni kubwa zaidi kuliko tunavyolipa uzito. Uzamivu wa kuhama nyumbani miaka mitatu au minne humtaka mama achague baina ya watoto na kitabu, na wengi, bila kulazimishwa na mtu, huchagua watoto. Jumuiya ya mtandaoni humwondolea uchaguzi huo. Hapo hapo huzuka swali ambalo wasomaji wa ukurasa huu wataliuliza: kundi la wanaume na wanawake wasio maharimu, usiku, kwenye simu, lina adabu gani? Swali ni la haki na lisidharauliwe. Makundi mengine ni ya wanawake watupu, nayo hufanya kazi vizuri. Yaliyochanganyika, yakiwa mema, yana kanuni zilizoandikwa: mazungumzo ni ya tasnifu, hufanyika mbele ya kundi zima, kwa saa zilizowekwa, na hakuna kumtumia mtu ujumbe wa pembeni usiku ila kwa haja inayojulikana. Mume au baba akitaka kuketi karibu na kusikiliza, asikilize. Baada ya dakika kumi za mjadala juu ya sampuli na hojaji atapiga miayo na kwenda zake.

Ramadhani nayo isisahauliwe. Kundi lenye Waislamu hubadili saa zake mwezi huo, na wasio Waislamu waliomo, kwa uzoefu wa wengi, hawalioni kuwa ni usumbufu. Wengine huhamishia mkutano baada ya daku, kabla ya alfajiri, wakati ambao nyumba ni tulivu na mtandao una kasi.

Hatari zipo, na za kweli. Kubwa kuliko zote ni biashara ya kuandikiwa. Kila kundi likishakuwa na watu zaidi ya ishirini wasiojuana, hutokea "mshauri" mwenye namba isiyo na picha anayeahidi sura ya tatu kwa wiki moja kwa malipo, au uchambuzi wa takwimu uliokwisha kupikwa. Tuseme wazi: tasnifu iliyoandikwa na mwingine ni uongo ulioapiwa, maana mwanafunzi hutia saini ukurasa wa mbele kwamba kazi ni yake. Shahada hiyo itamlisha miaka 30, na kila mshahara wa humo una doa. Siku hizi kuna na programu za kompyuta zinazoandika aya nzima kwa kuulizwa tu. Zinaweza kumsaidia mtu kunyoosha Kiingereza chake, lakini zikimtafutia marejeo huweza kumpa vitabu visivyopata kuandikwa duniani. Kundi dogo la watu wanaojuana ndilo kinga bora. Anayesomewa kurasa zake kila wiki mbili hawezi kuibuka ghafla na sura ambayo yeye mwenyewe haielewi.

Pili ni majarida ya kutoza fedha yanayochapisha chochote. Huja kwa barua pepe yenye sifa nyingi, "Mheshimiwa Daktari", kwa mtu ambaye hata pendekezo lake halijapita. Mwenzako aliyekwisha kunaswa atakwambia kwa neno moja: achana nalo.

Ya tatu haitajwi sana, nayo ndiyo inayoigusa Busi hasa. Mwanafunzi anayetafiti kijijini kwake hukusanya siri. Mzee amemweleza mgogoro wa mpaka wa shamba. Bibi ameeleza dawa anayoitumia kwa wazazi. Kijana amekiri kuwa alikata miti katika hifadhi. Haya yakitumwa kundini kama yalivyo, pamoja na jina, katika simu ya mtu aliye Mtwara au Muscat, hayarudi tena. Busi si Dar es Salaam. Ukisema "mzee mmoja mwenye duka karibu na msikiti", umekwisha kumtaja. Jumuiya yenye nidhamu hukataza kutuma mahojiano mabichi, na hukubali maandishi yaliyoondolewa majina na alama za kumtambulisha mtu. Mzee aliyezungumza na mtoto wa jirani yake alimwamini yeye, hakuliamini kundi.

Na kuna jambo ambalo jumuiya ya mbali haiwezi kulifanya, ambalo kijiji chenyewe kinaweza. Shule za sekondari zina vyumba vinavyokaa kimya jioni, na baadhi zina umeme na kompyuta. Kamati ya shule ikimruhusu mwalimu mmoja anayesoma kutumia chumba hicho siku mbili kwa wiki, haipotezi kitu. Msikiti wenye paneli ya jua inayowasha taa za isha unaweza kumchajia mtu simu. Wazee wanaokijua Kirangi cha zamani, majina ya miti, ya mawe na ya mavuno, wanaweza kuketi na mwenyeji wao kama walivyoketi na wageni waliokuja na vinasa sauti kutoka ng'ambo, nao wamwombe sharti moja ambalo wageni hawakuombwa kila mara: nakala ya sauti zao na ya tasnifu, pamoja na muhtasari kwa Kiswahili, vibaki katika ofisi ya kata au maktaba ya shule, ambako mjukuu atavikuta.